Madijei, mbona mnakata wimbo kabla ya majina?

MLETA UZI, KISUMU

Wadau, uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na uchungu. Mnivumilie.

Jumanne nilipanda matatu ya Busia. Tulipopita Kisian makanga akaongeza sauti. Ulikuwa mseto wa benga za zamani, muziki wetu wa gitaa wa Wajaluo, ile inayouzwa kwenye flashi. Wimbo wa tatu ulipoanza nilishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Ulikuwa wa bendi moja ya Kondele, hapa Kisumu, ambayo haikuwahi kuvuma sana, na mimi nilikuwa sijausikia tangu 2006, redio ilipoitafuna kaseti yetu. Maneno nilikuwa nayo yote. Mwanamume analalamika kwamba mpenzi wake amehamia kwa mwenye duka la jumla. Beti tatu, kiitikio, kisha waimbaji wananyamaza na gitaa la solo linabaki peke yake likishuka mbiombio. Besi inaingia. Ngoma inakazwa. Hapo ndipo utamu wenyewe wa benga ulipo, na hapo, mwimbaji akishataja majina manne ya watu, ndipo anapotajwa baba yangu.

Nilishavuta pumzi kumngoja. Likapita jina la kwanza, la mwenye baa. Dijei akakata. Akaleta wimbo mwingine, na juu yake sauti yake mwenyewe ikitangaza jina lake na nambari ya simu.

Sikusema kitu. Ningemwambia nani?

Baba alikuwa fundi wa baiskeli Kondele, miaka ile boda boda zikiwa bado za kukanyaga. Mwaka 1994, usiku wa sikukuu, alisimamisha bendi kwa shilingi hamsini akasema maneno yake, na mwimbaji akayapenda hivi kwamba walipokwenda kurekodi akayatia ndani ya wimbo. "Fundi wa Kondele, mwana wa Ugenya, anayenyoosha gurudumu lililopinda na mtu aliyepinda." Kwa Kijaluo inapendeza zaidi. Baba alifariki 2003. Picha yake tunayo moja tu, ya kitambulisho. Hakuna kitabu kilichomwandika, wala gazeti. Yumo mle kwenye wimbo, sekunde nne au tano.

Kwa wasiojua mambo ya huku: kabla ya gitaa kulikuwa na nyatiti, ile zeze ya nyuzi nane. Mpigaji, yaani jathum, hukaa kwenye kigoda kifupi, njuga mguuni na pete ya chuma kidoleni mwa mguu anayoigongea ubao wa chombo. Wageni walikuwa na haki ya kumsimamisha. Unatoa chako, muziki unatulia, unajitaja: wewe ni nani, mama yako anatoka wapi, una sifa gani ambayo hakuna mwingine hapo anayo. Kisha muziki unarudi, na mwingine anajipanga kukupiku. Hiyo ndiyo pakruok, kujisifu mbele ya watu. Benga ilipozaliwa huku Nyanza miaka ya 1950 na 1960, gitaa liliiga vidole vya nyatiti, na ile desturi ya majina ikahamia huko pamoja na vidole.

Kwa hiyo majina si takataka za mwisho wa wimbo. Ndiyo sehemu iliyo ya wasikilizaji. Dijei anayekata pale amemfukuza mwenye nyumba akabaki na viti.

MCHANGIAJI, NAKURU

Pole kwa mzee, kwa dhati. Lakini niruhusu nikupinge.

Mimi ni wa Free Area, Kijaluo sijui hata neno moja zaidi ya hera, yaani mapenzi, na benga naipenda kwa gitaa tu. Nikisikiliza ohangla za siku hizi, ule muziki mwingine wa Wajaluo, wimbo wa dakika nane unakuwa na dakika mbili za wimbo na sita za orodha. Mheshimiwa fulani, mke wa mheshimiwa, mkandarasi, mkurugenzi. Huyo baba yako alikuwa na usemi, hilo la gurudumu lililopinda nimelipenda mno. Hawa wa sasa wana pesa tu. Mwimbaji hamwambii msikilizaji chochote kuhusu mtu huyo isipokuwa kwamba yupo na kwamba ni mkubwa.

Huku kwetu mugithi nao umeingia humo humo. Mtu mmoja na gitaa lake, watu wameshikana mabega wanazunguka kama treni, maana neno lenyewe mugithi kwa Kikuyu ni treni, na ghafla treni inasimama ili bwana wa meza ya kona asifiwe kwa sababu amenunulia bendi vinywaji. Nililipa kiingilio nicheze. Sikulipa nimsikilize bwana wa kona.

MLETA UZI, KISUMU

Hapo kwenye usemi umenigusa na sikubishii. Zamani pesa zilikununulia nafasi ya kusema, na ukishapewa nafasi ulitakiwa uwe na la kusema, la sivyo ukumbi ulikuzomea. Leo pesa zinanunua hadi maneno yenyewe. Mtu hatoki kwenye kiti, mwimbaji anamtungia. Hilo limeharibika, ninakubali.

Ila angalia anayeadhibiwa kisu kinapopita. Mheshimiwa hapotezi kitu, ana mabango barabarani. Anayepotea ni fundi wa baiskeli.

MPIGA BESI, SIAYA

Nimekuwa kwenye bendi miaka kumi na tisa, niongee kama mtu wa ndani.

Watu wanadhani sisi huomba. Sikilizeni hesabu. Mwenye baa anatupa pesa za usiku ambazo zikigawanywa kwa watu tisa hazifiki nauli na chakula. Mirabaha ikija, inakuja kwa mbali sana na inakuja kidogo. Kurekodi tunajilipia. Kinachoweka nyuzi kwenye gitaa ni yule anayesimama na kusema, nitajeni. Zamani alikuja mbele na noti mkononi, kila mtu akaiona. Siku hizi ujumbe wa M-Pesa unaingia kwenye simu ya kiongozi na jina limeandikwa humo humo, wengine wako Nairobi na wengine ng'ambo. Tumewahi kuimba watu ambao hatujapata kuwaona.

Kuna namna mbili na msizichanganye. Ya kwanza ni ya ukumbini: unatoa, unatajwa, imeisha usiku ule. Ya pili ni ya kurekodi, hiyo inajadiliwa mapema na bei yake ni nyingine, maana jina litabaki. Tena kuna wimbo mzima wa kutungiwa mtu, akiwa hai au amefariki. Familia inakuja na karatasi: majina ya watoto, wakwe, kijiji, shule aliyofundisha. Kazi ngumu kuliko zote ni hiyo. Ukiruka mkwe mmoja, umeleta ugomvi matangani.

Bwana wa Nakuru, nakuelewa. Lakini hayo majina ya mheshimiwa ndiyo yaliyolipia gitaa unalolipenda.

MCHANGIAJI, KISUMU (MZALIWA WA MOMBASA)

Mimi ni mke wa mtu huku, mwaka wa kumi na nne sasa, ila nimezaliwa Mji wa Kale.

Jamani hili mbona ni jambo letu sote? Kwenye taarab mtu anainuka na noti, anakwenda kwa mwimbaji akicheza taratibu, anamtuza. Hajitaji jina. Haina haja, maana wenye kujua wanajua. Anachagua ubeti. Ukitunza kwenye ubeti wa jirani mwenye kijicho, jirani yuko pale amekaa na ukumbi mzima umeshamgeukia. Kwenu mtu analipa ajulikane yeye, kwetu analipa ajulikane mwingine. Mara ya kwanza kupelekwa kwenye benga na mume wangu nilidhani watu wanagombana, kumbe wanajisifu.

Hata Wakongo wanafanya. Wao husema kumrushia mtu libanga, yaani jiwe. Jina linarushwa katikati ya wimbo na huyo mtu analipa. Rumba hiyo hiyo ya Kongo ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2021 imejaa mawe kama hayo, na haikukataliwa kwa sababu hiyo.

MCHANGIAJI, HOMA BAY

Mnaongea vizuri lakini mmesahau kwamba muziki wa Nyanza ulikuwa mkubwa kwa sababu ulisema mambo. D.O. Misiani, gwiji wa benga, aliimba mafumbo ya Biblia na ya wanyama hadi wakubwa wakajiona ndani yake, akashikwa zaidi ya mara moja. Princess Jully aliimba juu ya ukimwi miaka ya 1990, wakati ambapo hata kwenye mazishi watu walisema marehemu alirogwa au alikuwa na malaria. Mama mzima anasimama jukwaani, anakatika, na wimbo unasema kuhusu ugonjwa ambao hakuna aliyetaka kuutaja. Huo ndio ushujaa. Leo nipe wimbo mmoja wa ohangla wa mwaka huu uliomkasirisha mkubwa. Hautakasirisha, maana mkubwa ndiye aliyeulipia.

Sitaki kumkosea heshima mleta uzi. Baba yake alistahili. Lakini desturi hii ndiyo iliyowafunga waimbaji midomo.

MLETA UZI, KISUMU

Nimelala na hoja yako, ndugu wa Homa Bay, ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Huyo Misiani unayemtaja naye alikuwa akitaja watu. Kaseti zake ninazo, ukingoja gitaa lishuke utawasikia marafiki, walimu, wafanyabiashara, watu wa Shirati, Tanzania, alikozaliwa na watu wa huku alikoishi mpaka ajali ilipomchukua mwaka 2006. Okatch Biggy, mwimbaji mwingine wa benga aliyetutoka 1997, ukimtoa majina utabaki na nini? Nusu ya nyimbo zake nimejifunzia jiografia. Kuna vijiji vya Gem na Alego ambavyo sijawahi kukanyaga na ninavijua kwa sababu yeye alimtaja msichana wa huko. Fumbo kwa mkubwa na jina la mtu mdogo vilikaa kwenye wimbo mmoja na havikugombana.

Ninavyoona mimi, kilichofunga midomo ni kwamba mtu mmoja sasa anaweza kununua wimbo mzima. Majina yakiwa kumi na moja, ya muuza samaki, makanga, mwalimu na mwenye baa, hakuna anayemiliki mwimbaji. Kila mmoja ametoa kidogo. Bendi iliyolishwa na watu kumi na mmoja ina ujasiri kuliko bendi iliyolishwa na mmoja. Ningekuwa na uwezo ningerudisha hamsini za watu wengi.

MKUSANYA SANTURI, KAKAMEGA

Nimefurahia uzi huu kuliko nyuzi zote za wiki hii. Niongeze la santuri kwa sababu ndilo ninalolijua.

Kukata hakukuanza na madijei. Santuri ndogo ya mizunguko 45 ilibeba dakika tatu au nne hivi kila upande. Benga haitoshi hapo. Kwa hiyo wenye lebo waligawa wimbo: upande wa kwanza sehemu ya kwanza, upande wa pili sehemu ya pili. Hadithi iko mbele, mchezo wa gitaa na majina viko nyuma. Mwenye santuri alilazimika kunyanyuka, kuinua sindano, kugeuza, na kuanza tena. Nina santuri ambazo upande wa pili umechakaa zaidi kuliko wa kwanza. Watu walikwenda moja kwa moja kwenye gitaa na majina. Mtu akiniambia majina hayapendwi namwonyesha hizo.

Na hizo santuri zilisafiri. Phares Oluoch Kanindo, mtayarishaji wa huku Nyanza, santuri zake za benga zilifika hadi Zimbabwe, na watu wa kule wakauita muziki wenyewe kanindo, jina lake. Ukisikiliza sungura, muziki wao wa gitaa, utalisikia gitaa letu ndani. Fikirieni: kuna watu Harare walicheza usiku kucha huku wakitajiwa mtu wa Bondo na mtu wa Rongo, na hawakukata.

Sisi Waluhya tusijione tuko kando. Isukuti ya Isukha na Idakho, ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 2014 kama urithi unaohitaji kulindwa haraka, haiendi popote bila majina. Kiongozi anatangulia, kundi linaitikia, na ndani ya mwito wake anataja ukoo, anataja mwenye boma, anataja marehemu. Kwenye mapigano ya mafahali hata fahali anatajwa kwa jina lake akipelekwa uwanjani asubuhi na mapema, na mwenye fahali anatembea nyuma yake kifua mbele. Ukiwanyamazisha kwenye majina, kinachobaki ni kelele ya ngoma.

MCHANGIAJI, NAKURU

Nimerudi. Hapo kwa santuri iliyochakaa upande wa pili nimekwama. Sikuwahi kujua kwamba sehemu ninayoipenda mimi, ile ya gitaa, ndiyo hiyo hiyo ya majina. Nilidhani majina yamewekwa juu ya gitaa. Kumbe gitaa linachezwa ili majina yapate pa kupita.

Bado bwana wa kona simtaki.

MPIGA BESI, SIAYA

Umesema sawa kabisa. Kiongozi wetu akianza kuita majina, mimi narudia nota nne tu, sibadilishi, hata dakika tano. Watu hudhani nimechoka. Ninamshikia barabara apite. Solo ndiye anayejibu: jina likitajwa, gitaa linalirudia kwa sauti yake, silabi kwa silabi. Ukiwa na sikio utasikia gitaa likisema "wuod Ugenya", mwana wa Ugenya, bila mdomo.

MCHANGIAJI, KISUMU (MZALIWA WA MOMBASA)

Subhanallah. Nitamwambia mume wangu anionyeshe leo leo.

DIJEI, NYALENDA

Nimetumiwa uzi huu na watu watatu, kila mmoja akiniuliza kama ni mimi. Ule mseto si wangu. Lakini ningeweza kuwa mimi, maana hukata hivyo hivyo.

Nieleze upande wetu. Mwenye matatu ananunua mseto wa saa moja na anataka nyimbo ishirini ndani. Njia ya Busia inabeba Mjaluo, Mluhya, Mteso, Mganda anayerudi kwao. Abiria akisikia orodha ya watu asiowajua anamwambia makanga badilisha. Hapo nafanya nini? Natafuta mahali ambapo wimbo umepumzika, na mahali pa kwanza unapopumzika ni pale waimbaji wanaponyamaza. Mkono unakwenda hapo wenyewe. Tena faili nyingi tunazozipata zilishakatwa kabla hazijatufikia.

Kuhusu kujitaja juu ya wimbo: nisipoweka sauti yangu, kesho mtu mwingine anauza mseto wangu kama wake. Imenitokea mara mbili. Nilikesha usiku tatu kuutengeneza.

MLETA UZI, KISUMU

Asante kwa kuja, kaka. Hukulazimika.

Soma tena ulichoandika mwisho. Unajitaja ili kazi yako isipotee mikononi mwa mtu mwingine. Baba yangu alitoa hamsini yake kwa sababu hiyo hiyo, naye alikuwa na siku nzima ya grisi mikononi. Wewe na yeye mngeelewana.

Siombi ucheze kila jina la kila wimbo njia nzima ya Busia. Naomba mseto mmoja tu, wa usiku au wa Jumapili, wenye nyimbo saba badala ya ishirini, zilizoachwa zikaisha. Mimi nitakuwa mnunuzi wa kwanza.

DIJEI, NYALENDA

Saba naziweza. Shida ni kupata nyimbo zenyewe zikiwa nzima.

MKUSANYA SANTURI, KAKAMEGA

Nina maboksi matatu ya kaseti za miaka ya 1990 niliyoyanunua kwa fundi redio mmoja wa Luanda ya Vihiga aliyefunga kibanda. Nyingi ni za Kisumu. Sijazipitia zote. Mleta uzi, niandikie faraghani jina la bendi na maneno ya mwanzo ya wimbo, na kama unaikumbuka rangi ya kibandiko. Nina kinasa kizima na ninajua kukausha ukanda wenye ukungu. Nikiipata namtumia dijei ikiwa nzima, pande zote mbili.

MLETA UZI, KISUMU

Kibandiko kilikuwa cha manjano, maandishi ya kijani, na kona moja mama aliandika kwa kalamu "ya Baba". Hiyo ilikuwa yetu, yako haitakuwa nayo. Mengine nimekutumia.

DIJEI, NYALENDA

Ikipatikana, wimbo una dakika ngapi hadi mwisho? Nipange mapema.

MLETA UZI, KISUMU

Nane na kidogo. Majina ni kumi na moja na baba ni wa tano. Nakuomba usikate akishapita yeye. Wa sita ni mwanamke, nyar Seme, yaani binti wa Seme, anasema anauza omena, wale dagaa wa ziwani, na mizani yake haijawahi kumdanganya mtu. Sijui ni nani. Huenda ana mtoto anayepanda matatu.